Mabango ya waigizaji wetu yasiishie kufungia mandazi

Babu yangu aliacha mkebe wa biskuti uliojaa karatasi. Kati ya risiti za kodi na barua za enzi zake katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, nilikuta kadi ya rangi, ndogo kuliko kitambulisho, yenye sura ya mwigizaji wa kike wa Kizungu. Pembe zimelika, lakini nyuma maandishi bado yanasomeka: jina lake, maelezo mafupi ya kazi yake, na chini John Player & Sons, kampuni ya sigara ya Uingereza.

Kadi kama hizo, za kuwekwa ndani ya pakiti za sigara, zilishamiri Marekani katika miaka ya 1880. Zilikaza pakiti laini ili sigara zisivunjike. Kampuni kama Allen & Ginter ya Virginia zikaziwekea picha za waigizaji, na mvutaji akarudi dukani kutafuta sura aliyoikosa.

Sitetei tumbaku. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2007 ilipiga marufuku matangazo yake, na ni haki. Lakini karatasi hiyo ya biashara ndiyo iliyotunza jina la mwanamke huyo. Jefferson Burdick alikusanya kadi na karatasi za namna hiyo zaidi ya 300,000, akaziachia Metropolitan Museum of Art, New York. Kwetu, Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, barua na stempu, na leo hazina yake imo katika Nyaraka za Kitaifa, Nairobi.

Je, waigizaji wa Machakos? Gavana wetu wa kwanza, Alfred Mutua, alituletea Machawood, mradi wa kukuza filamu, tukaota filamu zetu. Vijana wetu bado wanaigiza makanisani na kumbini. Juzi, karibu na steji, nilifungiwa mandazi kwa kipande cha bango la mchezo: nusu ya uso wa msichana anayecheka, mafuta yamelowa shavuni, jina limechanika.

Naiomba serikali ya kaunti itenge kabati moja tu. Kila kikundi kipeleke nakala mbili za bango na tiketi, nyuma pameandikwa kwa penseli jina la kila mwigizaji, mchezo, mahali na tarehe. Gharama yake ni penseli na bahasha.

Kile kipande nimekikausha, nikakiweka mkebeni kando ya kadi ya babu. Nyuma nimeandika "Machakos" na tarehe. Mahali pa jina nimepaacha wazi. Anayemjua binti huyu aje tulijaze.