Ramani ya Mbu Inakuambia Nini, Mama wa Kilombero?

Huenda umesikia habari za mbu mgeni wa malaria anayeitwa Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na Uarabuni. Mwaka 2012 aligundulika Djibouti, baadaye Ethiopia, Sudan na Somalia, na mwaka 2022 akapatikana Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ramani ya miji ya Afrika ambako mbu huyu anaweza kuishi. Walikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 126 wangekuwa hatarini.

Je, ameshafika kwetu? Ramani hiyo haijibu swali hilo.

Ramani hutengenezwaje?

Mfikirie mkulima wa mpunga wa bonde letu. Akifika ugenini akaona mbuga inayoshika maji na udongo wa mfinyanzi, atakuambia, "Hapa mpunga utakubali," hata kama hakuna aliyewahi kupanda. Wataalamu nao hufanya hivyo. Huchukua maeneo ambako mbu amekamatwa, huangalia joto, mvua na wingi wa watu, kisha kompyuta hutafuta maeneo mengine yenye hali kama hiyo.

Kwa hiyo ramani husema mbu "anaweza kuishi hapa". Haisemi "yupo hapa". Ili kujua kama yupo, lazima watu waende na mitego usiku na kuchota viluwiluwi kwenye maji. Ramani huwaonyesha waanze kutafuta wapi.

Mbu tuliye naye tayari

Katika Bonde la Kilombero, sehemu kubwa ya malaria huenezwa na Anopheles funestus, anayependa kuuma usiku ndani ya nyumba. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuta viluwiluwi wake kwenye madimbwi ya chemchemi, mabwawa yanayobaki na maji karibu mwaka mzima, na vijito vinavyokwenda polepole. Kiangazi, madimbwi ya mvua yakikauka, yeye bado ana pa kuzaliana. Ramani inayotegemea mvua peke yake inaweza kumkosa.

Tena, mara nyingi mraba mmoja wa ramani huchukua kilomita kadhaa. Hauonyeshi kisima kilicho nyuma ya nyumba yako, wala tundu kwenye chandarua chako. Rangi hafifu kwenye eneo lako isikufanye ukunje chandarua.

Ufanye nini nyumbani?

- Mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, masika na kiangazi.
- Mnapohamia shamba msimu wa mpunga, chandarua kiwe cha kwanza kufungwa kwenye mzigo.
- Funika mapipa, matangi na ndoo za maji, na uzisugue kila wiki. Stephensi huzaliana humo, na mbu wa dengue pia.
- Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya ndani ya saa 24 apimwe. Usianze kumpa dawa kwa kukisia.
- Ukiwa mjamzito, wahi kliniki upewe chandarua na dawa ya kinga.

Watafiti wakija kuomba kuweka mtego nyumbani kwako, waulize maswali yako yote, kisha uamue. Mbu watakaowakamata ndio watakaoonyesha kama ramani ilisema kweli.