Chema Chajiuza? Kisa cha Motokaa ya Airflow

Waswahili husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni penye samaki na maembe, ambako mnunuzi hunusa, hubonyeza, kisha huamua kabla jua halijapanda. Lakini wapo watu, wala si wajinga, walioigeuza kuwa sheria ya kupimia kila kazi ya akili ya binadamu. Kwao, kitu kisichonunuliwa hakikufaa, na aliyekiunda alikuwa mwota ndoto za mchana. Shahidi wao mpendwa ni motokaa moja ya Kimarekani, Airflow, iliyotolewa na kampuni ya Chrysler mwaka 1934 na kuachwa mwaka 1937. Husimulia ya kuwa wahandisi walijifungia ndani, wakaunda wakipendacho, wakawasahau watu, na watu nao wakawakataa. Kisha huhitimisha kwa sauti ya wazee wa baraza: usimtangulie mnunuzi. Shahidi huyo amelishwa maneno. Akihojiwa vema, hushuhudia kinyume.

Yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe, maana waamuzi wengi wa kisa hiki huanza na hesabu ya mauzo na kuishia hapo hapo. Motokaa za Marekani za miaka ya 1920 zilikuwa bado watoto wa gari la farasi. Injini ilikaa nyuma ya ekseli ya mbele, na abiria wa nyuma waliketi juu ya ekseli ya nyuma hasa, hata kila shimo la barabarani likawapanda uti wa mgongo. Kampuni nyingi zilikuwa zikipigilia bati juu ya viunzi vya mbao. Uso wa motokaa ulisimama wima kama kabati, ukausukuma upepo badala ya kuupasua. Hayo yote yalikuwa mazoea. Hapakuwa na mtu aliyekuwa ameyathibitisha kwa hoja.

Mhandisi Carl Breer, pamoja na wenzake Fred Zeder na Owen Skelton, aliyatilia shaka mazoea hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ushauri wa Orville Wright, mmoja wa ndugu wawili walioruka kwa ndege yenye injini mwaka 1903, kampuni ilijenga handaki la upepo, yaani njia iliyofunikwa inayopulizwa hewa ili kupima namna inavyokizunguka kitu. Hata kufika mwaka 1930, mifano midogo isiyopungua 50 ilikuwa imekwisha kupimwa humo. Ilidhihirika jambo la aibu: motokaa za kawaida zilipita hewani kwa wepesi zaidi zikigeuzwa kinyumenyume. Kwa maneno mengine, taifa zima lilikuwa likiendesha magari yake kwa upande usiofaa.

Kutokana na vipimo hivyo ilizaliwa Airflow. Pua yake ilikuwa ya mviringo na taa zilizamishwa mwilini. Injini ilisogezwa mbele hata ikakaa juu ya ekseli ya mbele, na viti vya nyuma vikasogezwa mbele ya ekseli ya nyuma, ili abiria wote wakae katikati ya magurudumu, mahali penye mtikisiko mdogo. Springi zilirefushwa, mwendo ukawa laini. Mwili ulijengwa juu ya kiunzi cha vyuma mfano wa daraja, kikashirikiana na fremu kubeba uzito. Airflow kubwa kuliko zote, Custom Imperial, ilipewa kioo cha mbele cha kipande kimoja kilichopindwa, jambo ambalo motokaa ya Kimarekani ya kuuzwa haikuwa nalo kabla yake. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa pambo. Kila moja lilikuwa jibu la swali lililoulizwa kwa vipimo.

Sasa na isikilizwe hukumu ya soko. Mwaka 1934 Airflow zenye jina la Chrysler ziliundwa karibu 11,000 tu, hali Chrysler za umbo la zamani zilipita 25,000. Ndugu yake, DeSoto, iliyotolewa mwaka ule kwa umbo la Airflow peke yake, ilishuka kuliko mwaka uliotangulia. Hesabu hizi hazikanushiki. Linalokanushika ni tafsiri yake. Neno «kushindwa» limebebeshwa hapa mizigo mitatu kwa mpigo: kushindwa kuuzwa, kushindwa kutengenezwa vema, na kushindwa kwa wazo. Anayeshuhudia la kwanza hajathibitisha la tatu, na ajifanyaye hazioni tofauti hizo anacheza na lugha.

Katika maonyesho ya New York ya Januari 1934 watu waliizunguka Airflow na kuagiza kwa wingi. Hapo ndipo sheria ya wapenda soko inapokwama, kwa kuwa mnunuzi anayesemwa alikataa alikuwa amekwisha kukubali! Lililofuata lilikuwa kosa la wenye kiwanda. Motokaa ilikuwa imetangazwa kabla kiwanda hakijawa tayari kuiunda. Kuunganisha vyuma vya aina ile kulikuwa kazi mpya, miezi ikapita, na walioagiza wakachoka kungoja. Zile za kwanza zilipotoka, nyingi zilikuwa na kasoro za uundaji. Mgema alisifiwa, tembo likatiwa maji. Ndipo uvumi ukaenea kuwa motokaa hii ni dhaifu. Ili kuuzima, kampuni iliisukuma moja kutoka juu ya jabali huko Pennsylvania, kimo cha zaidi ya futi 100, kisha ikaiendesha, na tendo hilo likapigwa filamu. Chema kililazimika kujitembeza kwa kujitupa jabalini, na bado hakikuaminiwa.

Wapo watetezi wa Airflow nao, na utetezi wao ni mbaya karibu sawa na mashtaka. Husema ilizaliwa kabla ya wakati wake. Usemi huu wa huruma hauelezi kitu. Humsamehe kila mtu na kumfundisha hakuna. Mwaka 1936, miaka miwili tu baadaye, kampuni ya Ford ilitoa Lincoln-Zephyr, nayo ikiwa na umbo la kupasua upepo, lakini pua yake imechongwa ikapendeza. Katika mwaka wake wa kwanza ziliundwa karibu 15,000. Je, wakati ulikuja kwa miaka miwili? Watu walikuwa wale wale, dhiki ya uchumi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni uso, na heshima ya kiwanda kilichoutoa.

Hapa haki yadai wahandisi nao wasemwe. Walidhani ukweli uliopimwa hauhitaji kuvishwa nguo. Pua ile nzito, yenye vyuma vilivyoshuka kama maporomoko ya maji, haikuwa na mvuto kwa macho mengi, na kampuni yenyewe ilikiri hivyo kwa vitendo ilipoichonga upya mwaka 1935. Anayemweleza mtu jambo jipya kwa lugha inayomkirihi asilaumu masikio yake. Lakini kosa la usemaji silo kosa la hoja, na aliyetamka vibaya huenda amesema kweli.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja baadaye, nao ni wa wale waliosoma somo lisilokuwamo. Mwaka 1935 Chrysler ilitoa Airstream, motokaa ya umbo la kawaida, ikauzwa vizuri, na wakuu wakashika imani kwamba ujasiri ndio uliowaponza. Kwa takriban miaka ishirini kampuni hiyo iliogopa umbo jipya, hata motokaa zake zikajulikana kwa urefu wa paa na unyenyekevu wa sura, mpaka toleo la mwaka 1955 lilipoleta mabadiliko. Iwapo wangalisema, «Tulitangaza mapema, tukaunda kwa haraka, tukapuuza uzuri», wangaliponya kasoro tatu na kubaki na akili zao. Badala yake walijitia woga wakauita hekima. Ndiyo hasara ya kuiita kila dosari kwa jina moja.

Wazo lenyewe, je, lilikufa? Injini juu ya ekseli ya mbele na abiria katikati ya magurudumu yakawa mpango wa kawaida wa motokaa za Marekani katika miaka iliyofuata. Ng'ambo, huko Japani, watu wa Kiichiro Toyoda waliichunguza DeSoto Airflow, na motokaa ya kwanza ya abiria waliyoitoa kuuzwa, Toyota AA ya mwaka 1936, ilifuata umbo lake waziwazi. Basi anayeketi leo ndani ya Toyota, iwe Dar es Salaam au Mombasa, huku akifundisha kwamba Airflow haikufaa, anakanusha akiwa juu ya mabega ya anayemkanusha.

Methali, basi, haikusema uongo, iliharakishwa. Chema chajiuza, lakini haikusemwa chajiuza lini, wala faida humfikia nani. Airflow ilijiuza kwa jina la wengine, na malipo yakawafikia wengine. Mwanafunzi atakayeambiwa kesho kwamba kazi yake haina thamani kwa kuwa haikupata wanunuzi ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla hajaitupa: Je, wazo ni la kweli? Je, limetengenezwa vema? Je, limesemwa kwa lugha ya kupendeza? La pili na la tatu hurekebishwa kwa jasho. La kwanza halipigiwi kura sokoni.