Leseni Yako Kwenye Simu ya Ajenti

Kukata bima ya gari hapa Mombasa siku hizi ni kazi ya kitandani. Ajenti anakwambia umtumie kwa WhatsApp picha ya kitambulisho, PIN ya KRA, logibuku na leseni ya dereva, ulipe kwa M-Pesa, na muda si muda cheti cha kidijitali kimeingia. Ni wepesi mkubwa na sitamani turudi kwenye foleni. Ninachouliza ni hiki: picha ya leseni inakwenda wapi baada ya hapo, na nani ameikagua?

Nionavyo mimi, mara nyingi hakuna aliyeikagua. Leseni hutazamwa kwa makini siku ya ajali, fomu ya madai inapojazwa. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa kuwa leseni ilikuwa imeisha muda, au dereva ana B1, ya gari la otomatiki, na Probox aliyoiendesha ni ya gia za mkono. Sheria ya bima, Sura ya 405, humlinda kwa kiasi aliyegongwa, kwani kampuni inaweza kulazimika kumlipa kisha imdai mwenye gari. Lakini gari lako mwenyewe lililobondeka? Jipange. Malipo ya bima walipokea mapema, bila swali.

Kwetu Pwani jambo hili lina fundo zaidi. Tuktuk ya Likoni au Mtwapa mwenyewe ni mmoja, dereva ni mwingine, na Jumapili anaishika deiwaka. Mwenye tuktuk hutuma picha ya leseni ya kijana wake bila hata kumwambia. Leseni ile ina jina, namba ya kitambulisho na picha ya mtu. Ni amana, na amana haikabidhiwi mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema karibu hayo hayo: chukua kinachohitajika tu, kwa kazi uliyoitaja. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, chochote kilicho kidogo.

Kwa hivyo mimi sipingi kampuni za bima kupata habari za leseni. Ninapinga njia. Picha hughushiwa, tena hubaki kwenye simu ya ajenti hata akihamia kampuni nyingine. Uingereza walianza mwaka 2014 mpango wa MyLicence, ambapo kampuni hupewa namba ya leseni na kupata jibu kutoka kumbukumbu za serikali kabla ya kuuza bima. Dereva wa huko pia anaweza kujitolea msimbo wa mtandaoni wa kumwonyesha mwingine leseni yake, nao hufa baada ya siku 21.

Sisi kumbukumbu tunazo. NTSA ilihamishia huduma zake eCitizen mwaka 2023, na leseni imo humo humo. Kampuni ingetuma namba, dereva apate ujumbe kwenye simu yake na akubali au akatae, kisha kampuni ijibiwe mambo matatu: leseni ni hai? Ni ya daraja gani? Inaisha lini? A3 ya tuktuk ionekane kuwa ni A3 kabla pesa haijalipwa.

Makosa ya barabarani je? Kampuni zitayataka, ili zimpandishie bei dereva mkorofi. Hapo nasema bado. Madereva wangapi wa matatu hushikwa kwenye msako, wakapelekwa Shanzu na kukubali kosa ili walipe faini warudi kazini kabla jua halijazama? Rekodi iliyojaa kukiri kwa namna hiyo haipimi uendeshaji wa mtu, na kumtoza bima zaidi kwa ajili yake ni kumwadhibu mara mbili.

Kabla hayo hayajatengenezwa, ukilazimika kutuma picha, andika juu yake kwa kalamu ya simu: "Kwa bima ya gari namba fulani tu", na tarehe. Mtake idhini dereva wako kwanza. Na kabla hujalipa, muulize ajenti akujibu kwa maandishi kama daraja la leseni hiyo linaruhusu chombo hicho. Jibu lake lihifadhi pamoja na cheti.