Akdi saa ngapi, na saa za wapi?



Sisi mafundi wa nguo za harusi tunajua mengi kabla nguo haijatoka kwenye cherehani: nani anatoka Muscat, nani yuko London na hajapata ruhusa kazini. Na tumeona kwamba kinachomliza bi harusi siku yake mara nyingi si nguo, ni saa.

Tangazo linatumwa kwa familia: "Akdi Ijumaa saa kumi." Sisi wa Unguja tumemaliza, ni baada ya Alasiri. Mtoto aliyekulia London anasoma kumi ya simu yake, yaani asubuhi. Mjomba wa Muscat anajua ni jioni, ila hajui ni kumi yetu au yake, maana Oman wako mbele yetu saa moja. Mteja wetu mmoja alikaa na hina yake mkononi, sheikh ameshafika, wali ni kaka yake aliye London, na simu inaita tu. Kaka alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi. Saa ile yuko kazini na simu imo kabatini. Ndoa ilifungwa usiku, alhamdulillahi, wageni nusu wameshaondoka.

Balaa zaidi ni "usiku wa Ijumaa". Kwetu siku mpya huingia na Magharibi, kwa hiyo ni Alhamisi jua likishazama. Aliye nje anakata tiketi ya kufika Ijumaa mchana.

Wapo wanaosema tuache saa za Kiswahili, tuhesabu kama simu. Hatukubaliani nao hata kidogo. Jua letu halichezi sana mwaka mzima, na hesabu hii inatutosha. Kasoro ni kumwandikia aliye mbali kama tunavyomwambia jirani. "Baada ya Magharibi" inamtosha mtu wa Mkunazini. London mwezi wa Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku kwa saa zao. Hapa kwetu imeshapita saa tano!

Tena Waingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa baridi yao tunawatangulia saa tatu, wakati wa joto saa mbili. Mwaka 2025 walisogeza Machi 30, Idd ikaingia palepale, na harusi za Mfunguo Mosi zinafuata.

Kwa maoni yetu, shughuli ni ya bi harusi, basi saa ziwe za mahali anapoolewa, na tangazo liseme hivyo: siku, tarehe, "saa 1:30 usiku ya Zanzibar, kwenye simu 19:30". Shangazi mmoja awapigie walio nje, kila mtu amtajie saa ya kwake kwa mdomo. Na wali akiwa mbali, amwakilishe mtu wa hapa mapema; sheikh wenu atawaelekeza. Simu ibaki ya kusikiliza na kuitikia dua.

Wa Toronto wanaopimwa kwa video tunawapa saa mbili usiku yetu. Kwao ni mchana, mwanga wa dirishani upo. Awepo dada au mama wa kushika tepu.