Jini Ndani ya Chombo cha Angani: Nani Achekwe?

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomaji na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwamba anga za mbali si mandhari ya Mswahili. Kwa mujibu wa dhana hiyo, mwandishi anayempeleka mhusika wake kwenye sayari nyingine ameiga. Akimkutanisha huko na mzuka, amefanya mzaha. Na mzaha huo ukichekesha, basi kazi yake haistahili kuhakikiwa. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanadai kwamba mfululizo wa hadithi za kisayansi zinazochekesha na kutisha kwa pamoja, kuhusu majini na mizuka ya angani, ni kazi ambayo Kiswahili kinaihitaji na kina zana za kuiandika. Aidha, yanadai kwamba mwandishi wa mfululizo kama huo ana jukumu asiloweza kulikwepa, nalo ni kuchagua nani achekwe.

Kwanza, suala la ugeni. Shaaban Robert aliitundika angani nchi nzima katika Kusadikika mwaka 1951. Katama Mkangi naye, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo kwa chombo hadi ulimwengu mwingine. Nje ya vitabu, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya kujitawala. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Na tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ilikuwa kipande cha roketi. Ni dhahiri, basi, kwamba anga haikumsubiri msomaji wa Kiswahili aizuru. Imekwisha kumwangukia kijijini.

Pili, suala la kuchanganya kicheko na hofu. Wapo wanaoshikilia kwamba mambo haya mawili hayakai chungu kimoja. Historia ya filamu ya Marekani inatoa ushahidi kinyume. Mwaka 1974 ilitoka filamu ya futuhi iitwayo Dark Star, iliyoongozwa na John Carpenter na kuandikwa naye kwa ushirikiano na Dan O'Bannon. Ndani yake kuna kiumbe wa sayari nyingine mwenye umbo la mpira wa kuchezea ufukweni, mwenye miguu ya kucha, anayemsumbua mwanaanga mmoja hadi kukaribia kumuua. O'Bannon alivunjika moyo kuona watazamaji hawakucheka kama alivyotarajia. Akalichukua wazo lile lile, la kiumbe anayewindwa ndani ya chombo kilichofungwa, akaliandika upya kwa nia ya kutisha. Matokeo yake yalikuwa Alien ya mwaka 1979, filamu ambayo hadi leo ni kipimo cha hadithi za kutisha za angani. Fundisho lake li wazi: chombo ni kile kile, kiumbe ni yule yule, wahusika ni wale wale waliochoka na kazi. Kinachotenganisha kicheko na kilio ni kipimo tu, na fundi anaweza kuvitia vyote viwili.

Katika Dark Star hiyo hiyo mna tukio ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja. Nahodha wa chombo amekwisha kufa, lakini mwili wake umehifadhiwa kwenye barafu, na mabaharia wake wanapozidiwa na mambo humwendea kumwomba shauri. Nahodha hujibu. Hujibu kwa unyonge, akilalamika kwamba wamemsahau, na kuuliza habari za timu ya besiboli aliyoipenda enzi za uhai wake. Hii ni nini kama si kwenda mzimuni? Watengenezaji wa filamu hiyo walifika kwa njia ya mzaha mahali ambapo mila nyingi za Kiafrika zimekuwapo tangu kale: marehemu ana haja zake, ana kinyongo chake, na asiyemtembelea ataulizwa.

Hapa ndipo zana za Kiswahili zinapojidhihirisha. Pepo wa pwani si kitu kinachonguruma gizani bila sababu. Ana jina, ana kabila, ana lugha yake na ana madai. Akimpanda mtu, mtu huyo huitwa kiti. Fundi hukaa kilingeni, akafukiza ubani, akauliza mgeni anataka nini. Mazungumzo yafuatayo hutisha kwa kuwa kuna mgonjwa mbele ya watu, na huchekesha kwa kuwa mgeni huyo anaweza kudai kilemba. Mwandishi hahitaji kubuni mchanganyiko wa kicheko na hofu, ameukuta nyumbani.

Sasa mpandishe pepo huyo kwenye chombo cha angani, mambo ya kisayansi yaanze kazi yake. Mahali pasipo uzito moshi haupandi juu, na mwali wa moto hujikusanya ukawa duara. Chetezo kikiwashwa, mtambo wa kutambua moshi utalia na feni za hewa zitazimwa. Fundi atapunga vipi bila ubani? Swali hili si upuuzi. Mwaka 2007, mwanaanga wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipokwenda kwenye kituo cha kimataifa cha angani katika mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa ibada, ikiwemo jinsi ya kuelekea kibla akiwa kwenye chombo kinachoizunguka dunia mara nyingi kwa siku. Binadamu akiondoka, huondoka na desturi zake. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hofu zake zitabaki chini.

Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo mwandishi hana budi kuizingatia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Pepo wa nyumbani anamjua kiti wake. Ndiyo maana suluhu hupatikana. Kiumbe wa angani hamjui mtu. Futuhi huanza pale mabaharia wanapojaribu kumtolea kilemba kitu kisicho na kichwa. Hofu huanza pale kitu hicho kinapojifunza kuwajua, kikawaita kwa majina ambayo mama zao tu ndio waliyatumia. Stanislaw Lem, mwandishi wa Poland, aliliona jambo hili katika riwaya yake Solaris (1961), ambamo bahari ya sayari ngeni inamletea mhusika mkuu mkewe aliyekwisha kufa. Na ni Lem huyo huyo aliyeandika mfululizo wa visa vya kuchekesha vya msafiri wa angani Ijon Tichy. Kalamu moja iliyaweza yote mawili.

Kwa upande wa mfululizo, Kiswahili kina mfano wake. Muhammed Said Abdulla alimuumba Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akaendelea naye katika riwaya kadhaa. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaogopa, na mpelelezi mwenye kiko anacheka pembeni akitafuta mkono wa binadamu. Msomaji hurudi kwa Bwana Msa kwa sababu anamfahamu, kama anavyorudi kwa jirani mwenye masimulizi. Mfululizo wa angani unahitaji mtu kama huyo: labda mhandisi asiyeamini, au mpishi wa chombo anayeamini kila kitu.

Swali gumu ni lile la nani achekwe. Hofu ya mambo ya gizani si mchezo nchini Kenya. Mwezi Mei mwaka 2008, watu 11, wengi wao wakiwa wazee, waliteketezwa katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Oktoba mwaka 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma zizo hizo. Kilifi nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa miaka mingi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo kuna mgogoro wa shamba. Mwandishi wa hadithi za kutisha anayemfanya kila bibi mwenye macho mekundu kuwa chanzo cha maovu anachangia, apende asipende, kuukoleza moto huo. Na mwandishi anayemcheka bibi huyo kwa imani yake naye anamwacha peke yake mbele ya umati.

Faida kubwa ya anga, kwa hiyo, ni kwamba hakuna kizee wa jirani wa kunyoshewa kidole. Kuna mabaharia sita, mlango uliofungwa, na sauti inayobisha kutoka nje mahali pasipo hewa. Je, watafanya nini? Watafanya yale yanayofanywa vijijini: wataulizana ni nani aliyekuja na kitu hiki. Wataunda kamati. Wataandika kumbukumbu za mkutano. Watamshuku anayelala kidogo, kisha anayelala sana, kisha anayerithi kitanda kizuri mwenzake akifa. Msomaji atacheka, kwa kuwa ushahidi ni wa kipuuzi. Kisha ataingiwa na baridi, kwa kuwa mlango wa nje umekwisha kufunguliwa na mtu wa kwanza anasukumwa. Jini, wakati wote huo, hajamgusa mtu.

Wapo watakaosema kwamba kuandika hivi ni kuidunisha imani ya watu. La hasha. Jini katika hadithi hii aachwe na utisho wake wote, pasipo maelezo ya kumfuta katika ukurasa wa mwisho. Kinachostahili kejeli ni haraka ya binadamu ya kumpata mkosaji. Wapo pia watakaosema kwamba hadithi za vijijini zingeyasema haya moja kwa moja. Huenda, lakini msomaji anayejiona kwenye kijiji hicho hujitetea mapema. Akiwa angani, huchelewa kujitambua, na kufikia hapo amekwisha kucheka.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina kurasa, vina mashindano ya uandishi, na vina vijana waliolelewa kwa visa vya majini na kusomeshwa sayansi katika shule zile zile. Kisa cha kwanza cha mfululizo huu hakihitaji zaidi ya kurasa kumi. Kinahitaji chombo, watu sita, sauti mlangoni, na mwandishi atakayekataa kuwapa mtu wa kumtupa nje.