MIZANI HAIPIMI YOTE



Karani akipima kikapu huandika kilo, basi. Haandiki ya kwamba mwenye kikapu alitumia nusu saa asubuhi kumfundisha mgeni kuchuma majani mawili na chipukizi, asichanganye na jani gumu. Haandiki ya kwamba alipomwona mwenziwe mjamzito amechoka, alimbebea kikapu chake mpaka mizanini.

Katika mashamba yetu ya Kericho na Bomet mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo kila wema mdogo anaomtendea mwenziwe saa za kazi aulipia kwa mfuko wake mwenyewe. Tusidhani ni vitu vya bure.

Juzi mzee mmoja alimaliza kazi baada ya miaka 27. Alipewa cheti chake, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyoamuru: jina, siku aliyoingia, kazi aliyofanya, mahali, na siku aliyotoka. Cheti kilikuwa sawa. Lakini hakikusema kwamba nusu ya wachumaji wa kambi ile walifundishwa naye kulaza ufito juu ya michai ili meza isiende upande. Wala hakikusema kwamba siku za mvua ya mawe alikuwa wa mwisho kukimbilia kivuli, kwa kuwa alingoja mpaka wote wamefika. Alifunga mzigo wake akaenda kungojea matatu barabarani peke yake. Sisi wa kamati hatukufika kumsindikiza. Tungefika mbio kama angekuwa na kesi. Kosa hilo ni letu, na twalikiri hapa.

Jambo hili si dogo kwa wakati huu. Mashine za kuchuma zimeenea katika mashamba makubwa, na wengi wameondoka kambini. Tukibishana na waajiri juu ya mashine hizo twataja kilo na shilingi, na ni haki yetu kuzitaja. Lakini kwa hesabu ya kilo peke yake mashine itatushinda kila siku. Nasi tukihesabiana wenyewe kwa wenyewe kwa kilo tu, tumekwisha kubali hesabu yake. Mashine haimfundishi mgeni, wala haimwulizi jirani hali ya mtoto aliyelazwa.

Msitufahamu vibaya. Asante haipikwi sufuriani. Mwajiri akigawa soda na maneno mazuri siku ya Mei Mosi, apokewe kwa heshima, lakini soda haiwi badala ya nyongeza iliyoandikwa katika mapatano. Shukrani tunayoitaja sisi ni ya mfanya kazi kwa mfanya kazi mwenziwe, na hiyo haihitaji sahihi ya meneja.

Mwaka 1963 vyama vya wafanya kazi wa mashamba, sisi wa chai pamoja na ndugu zetu wa kahawa na mkonge, viliungana kuwa Kenya Plantation and Agricultural Workers Union. Viongozi wa siku zile majina yao yameandikwa. Waliotembea kambi kwa kambi jioni kuwaita watu mkutanoni, majina yao hayakuandikwa popote. Bila wao mikutano ingekuwa ya viti vitupu. Tusilirudie kosa hilo.

Basi twaomba hivi. Kuanzia mkutano ujao wa kila tawi, kabla ya ajenda, kila kambi ilete jina moja na tendo moja. Lisitafutwe jambo kubwa. Karani aliyesoma mizani kwa sauti ili kila mtu asikie kilo zake, atajwe. Kijana aliyemwandikia mama barua ya ruhusa, atajwe. Na mtu anayemaliza kazi asindikizwe na wawili wa kamati mpaka barabarani, wakimchukulia mzigo.

Wakipsigis husema kongoi, Wagusii mbuya mono, Waluo erokamano. Hakuna kati yetu asiyeyajua maneno hayo matatu, kwa kuwa tumekaa kambi moja na kuchota maji bomba moja. Mcheza kwao hutunzwa. Tuanze kutunzana.

Umoja ni Nguvu.