Hati ya Vatican kuhusu Maria yaondoa kikwazo kimoja, vikubwa vyabaki

HATI ya mafundisho iliyotolewa na Vatican Novemba 4, 2025 kuhusu vyeo vya Bikira Maria imeuamsha upya mjadala mkongwe baina ya Wakatoliki na Waprotestanti. Hati hiyo, iliyosainiwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández na kuidhinishwa na Papa Leo wa 14, inatamka kwamba haifai kumwita Maria "Mkombozi Mwenza", na inataka tahadhari kubwa pale anapoitwa "Mpatanishi".

Wapo walioisoma hati hiyo kana kwamba Roma imesalimu amri mbele ya hoja za Martin Luther. Usomaji huo una kasoro, kwa kuwa ubishi uliozaa hati hii ulikuwa wa Wakatoliki wenyewe kwa wenyewe.

Tangu mwaka 1993 kundi la Wakatoliki lilikusanya mamilioni ya sahihi duniani kote likimtaka Papa atangaze rasmi kwamba Maria ni Mkombozi Mwenza. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwahi kulitumia jina hilo mara kadhaa, kisha akaliacha. Mwaka 1996 Kardinali Joseph Ratzinger, wakati huo mkuu wa ofisi hiyo hiyo ya mafundisho, alishauri ombi hilo likataliwe, na mwaka 2002 alieleza katika mahojiano kuwa jina hilo liko mbali mno na lugha ya Maandiko na ya Mababa wa Kanisa. Papa Francisko naye alilipinga hadharani mwaka 2019, 2020 na 2021. Hivyo mlango uliofungwa mwaka 2025 ulikwisha kusukumwa kwa zaidi ya miaka 30, na waliokuwa wakiusukuma hawakuwa watu wachache.

Hata hivyo, hofu ya kuwaudhi Wakristo wengine haikukosekana katika historia ya suala hili. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatican, Oktoba 29, 1963, maaskofu walipiga kura kuamua kama Maria aandikiwe waraka wake wa pekee au awekwe ndani ya waraka kuhusu Kanisa. Waliotaka awekwe ndani ya waraka wa Kanisa walipata kura 1,114 dhidi ya 1,074. Tofauti ya kura 40 tu, katika ukumbi ambao waangalizi wa Kiprotestanti walikuwa wamealikwa, inaonyesha jinsi maaskofu wenyewe walivyogawanyika.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ugomvi huu una uzito wa ziada unaotokana na lugha. Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, katika Biblia ya Union, unamtaja mpatanishi mmoja tu kati ya Mungu na wanadamu, yaani Kristo Yesu. Mlutheri au Mwanglikana aliyelelewa na Biblia hiyo akisikia Maria akiitwa Mpatanishi, hahitaji kusoma teolojia ili ashtuke. Hati ya Vatican nayo inalizingatia andiko hilo hilo.

Neno "kuomba" lina utata zaidi. Mkatoliki anaposema anamwomba Maria, anakusudia kumsihi amwombee kwa Mungu, kama mtu anavyomsihi jirani amkumbuke katika sala. Kanisa lake hutenganisha ibada anayostahili Mungu peke yake na heshima wanayopewa watakatifu, hata kama heshima ya Maria ni ya juu kuliko ya wengine. Lakini Kiswahili hutumia neno moja kwa kumwomba Mungu na kumwomba jirani chumvi. Mprotestanti aliyesimama nje ya dirisha wakati wa rozari husikia "kuomba" na kuelewa "kuabudu". Sehemu kubwa ya lawama zinazorushwa katika mikutano ya injili mijini hutokana na pengo hilo.

Si lawama zote, lakini. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wa Tanzania wanalikiri hadi leo, linakubali watakatifu wakumbukwe na imani yao iigwe, ila linakataa wasiombwe msaada. Hapo maelezo ya maneno hayatoshi, kwa kuwa pande mbili zinatofautiana kweli. Luther mwenyewe, ikumbukwe, aliendelea kumwita Maria Mama wa Mungu na mwaka 1521 aliandika ufafanuzi wa wimbo wake kwa heshima ambayo ingewashangaza wengi wanaojiita wafuasi wake.

Kikwazo kizito zaidi ni mafundisho mawili ambayo hati ya 2025 haikuyagusa: Maria kukingiwa dhambi ya asili, lililotangazwa na Papa Pius wa Tisa mwaka 1854, na kupalizwa kwake mbinguni mwili na roho, lililotangazwa na Papa Pius wa 12 mwaka 1950. Mwaka 2005 tume ya pamoja ya Waanglikana na Wakatoliki ilisema mafundisho hayo yanaweza kupatana na Maandiko. Swali lililobaki halikumhusu Maria. Lilikuwa ni nani aliyempa Papa mamlaka ya kumfunga kila Mkristo ayaamini. Bila jibu la swali hilo, kupungua kwa cheo kimoja hakuwezi kuzaa umoja.

Katika Afrika Mashariki, isitoshe, mpinzani mkali wa ibada ya Maria kwa sasa si Mlutheri wala Mwanglikana. Ni mhubiri wa kanisa la Kipentekoste linalojitegemea, ambaye hafungwi na hati yoyote ya majadiliano. Mbele yake kuna Wakatoliki wanaokwenda hija Kibeho, Rwanda, ambako askofu wa jimbo alithibitisha mwaka 2001 kwamba Maria aliwatokea wasichana watatu, kuanzia mwaka 1981. Roma haimlazimishi Mkatoliki yeyote kuamini matokeo hayo, jambo ambalo mahujaji wengi wangeshangaa kulisikia.

Suala hili halikomei kwenye mimbari. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mprotestanti hutakiwa na sheria ya Kanisa lake kuahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na rozari ni sehemu ya malezi hayo. Hati ya Novemba 2025 haikubadili sharti hilo. Usiku wa msiba, jumuiya inapofika na rozari mkononi huku shemeji wa Kipentekoste wakiinuka kwenda kusimama nje, anayebaki kuwapatanisha ni mwenye nyumba.